Jina, Tendo na Kilio cha Kiyeyi

Mama mkwe wangu ndiye aliyetaka tusome Kiingereza. Mimi nilikuwa nimekikatia tamaa tangu darasa la tano, nilipoacha shule upande wa Kenya, pale Busia, nikamsaidie mama yangu kuuza omena, dagaa wa ziwani. Kiswahili changu ni cha huko: cha soko, cha kanisa na cha redio. Niliolewa ng'ambo ya mpaka, Uganda, kijiji cha Kiyeyi, wilaya ya Tororo, kwa Wajopadhola, nikajifunza Kidhopadhola cha kutosha kuomba chumvi na kuitikia salamu, halafu, mwaka baada ya mwaka, cha kutosha kugombana. Kiingereza sikukihitaji. Nauza nguo za mitumba Busia, na mteja wa mitumba huongea kwa mikono.

Yeye alikihitaji kwa sababu ya mjukuu. Mwanawe wa kwanza, yaani shemeji yangu, anaishi Kampala na mke wa Kiganda. Binti yao alikulia hukohuko, akawa na Kiganda cha mama na Kiingereza cha shule, na cha kwetu hakuna aliyemfundisha. Mara mojamoja msichana huyo alipiga simu kwangu. Mama mkwe aliishika simu kwa mikono miwili kama bakuli la uji wa moto, akasema "Halo." Msichana akasema "Hello, Grandmother." Kisha wote wawili wakanyamaza, kila mmoja akimsikiliza mwenzake akivuta pumzi, mpaka salio likaisha. Akinirudishia simu aliniambia, "Anapumua musuri. Hana mafua."

Shemeji mwenyewe hakuwa akija. Siku ya kumzika baba yake alichelewa njiani, akafika watu wakiwa tayari wanamwaga udongo wa mwisho. Mama yake akamuuliza mbele ya kadamnasi, "Umekuja kuzika nani?" Alilala ndani ya gari, na asubuhi hatukumkuta. Tangu siku ile alileta mabati kwa lori la watu, akaleta sukari kwa mkono wa jirani, akamnunulia mama yake mtamba mwekundu ambaye alikuja kuwa ng'ombe mzuri wa maziwa. Vitu vyote vilikuja, ila yeye. Na mama hakuwahi kusema kwamba anamngoja.

Basi tukaanza darasa. Lilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa mjini Tororo, Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Mume wangu alikuwa Juba kwenye kazi za ujenzi, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kutuuliza tunakwenda wapi na madaftari kama watoto. Mwalimu wetu alikuwa mama mstaafu kutoka Paya, mfupi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya kinamasi. Tulijifunza salamu, tukajifunza saa, tukajifunza vitu vya jikoni. Mama mkwe alikuwa hodari kuliko mimi. Mambo yaliharibika Jumamosi moja mwalimu alipogawa ubao kwa mstari wa chaki katikati, upande mmoja akaandika Jina, upande wa pili Tendo.

"Kiingereza kina maneno mapacha," alisema. "Moja ni jina la kitu, jingine ni kitendo. Yanafanana sura, lakini ukiliweka moja mahali pa mwenzake umeharibu."

Akaandika advice upande wa jina, advise upande wa tendo. Hili la kwanza, alisema, ni ushauri. Linaishia kwa sauti ya nyoka, sss. La pili ni kushauri. Linaishia kwa sauti ya nyuki, zzz. Akatutaka tuseme. Ukumbi mzima ukajaa nyoka. Kidhopadhola hakina nyuki huyo. Mama mkwe zawadi huiita sawadi na Mwenyezi humwita Mwenyesi, na hakuna aliyewahi kukosa kumwelewa, hata Mungu mwenyewe. Alijaribu mpaka mate yakamtoka, nyuki hakuja.

"Haya, basi tutazame yale ambayo sauti haina taabu," mwalimu akasema, akaandika practice na practise. "Haya mawili yanasikika sawasawa. Tofauti iko kwenye maandishi tu."

Mama mkwe akainua mkono. "Mwalimu, kama sikio hainaona tofauti, jicho nasumbukia nini?"

"Ndivyo walivyoandika wenyewe, Mama."

"Na wao nasikia?"

"Hawasikii."

Watu wakaguna. Mwalimu akaona anatupoteza, akakimbilia Kiswahili. Angalieni lugha yetu, alisema, ilivyo na adabu: ushauri ni jina, kushauri ni tendo, wimbo na kuimba, kifo na kufa, pumzi na kupumua. Kila moja limevaa nguo yake. Nikaanza kuona mwanga. Ndipo mama mkwe akainua mkono tena.

"Na nikisema kusoma ni kusuri. Hii kusoma ni jina ao ni tendo?"

Mwalimu alifungua kinywa. Akatazama ubao, akatazama dari. "Ni jina," akasema. Akafikiri. "Lakini pia ni tendo. Ni vyote viwili."

Baada ya hapo hakuna aliyeelewa kitu. Fundi cherehani mmoja aliyekaa nyuma yetu alisema afadhali arudi kwenye mashine yake, na kweli hatukumwona tena. Sisi tuliandika yote yaliyokuwa ubaoni: belief na believe, proof na prove, life na live, choice na choose. Mwisho kabisa yalikuwa loss, hasara, na lose, kupoteza. Pembeni mwalimu akaongeza lost, akasema jambo likiwa limepita mnatumia hilo. Tukarudi nyumbani tumeduwaa.

Wiki zile tulifanya mazoezi jikoni tukibangua karanga. Nilimtajia jina, yeye anitajie tendo. Akikosea nilimwambia amekosea, naye aliniuliza nimejuaje, na nikijiuliza mwenyewe nilikuta sijui. Ilifika mahali nikisikia neno lolote, hata la Kiswahili, naliuliza: wewe ni nani, jina au tendo? Niliwahi kusimama sokoni Busia, mteja ameshika sketi, ananiambia "Nipe bei," nami nikawa namkodolea macho, nafikiria bei kama mtu aliyeipata porini.

Kisha ng'ombe akafa. Alivimba tumbo asubuhi, na kufikia alasiri alikuwa amelala ubavu, miguu imenyooka, macho yamejaa nzi. Mama mkwe alikaa karibu na kichwa chake mpaka wanaume wakaja kumwondoa. Hakulia. Jioni hakula, na kesho yake hakula. Jioni ya kesho yake hiyo, jua halijatua, aliniita kwenye kichuguu kilicho nyuma ya nyumba, ndiko simu inakoshika mtandao.

"Andikia mutoto," akasema. "Sema mimi nimepata hasara. Alete baba yake."

"Niseme ng'ombe amekufa?"

"Hapana. Usitaje ng'ombe. Baba yake ndiye alinipatia. Habari ya ng'ombe nitamwambia na mdomo yangu, yeye akikaa hapa. Ukimwambia kwa simu atasema pole Mama, nitatuma ingine. Basi, imeisha."

"Niandike kwa Kiswahili?"

"Mutoto atasomaje Kiswahili? Tumesomea nini?"

Nikaandika kwamba Nyanya ana loss. Nikamsomea.

"Hiyo ni jina?"

"Ni jina. Hasara."

"Ng'ombe imekufa lini?"

"Jana."

"Jana imepita. Mwalimu alisema ikipita inakuwa ile ingine."

Alikuwa sawa, mwalimu alisema hivyo. Nikafuta loss, nikaweka lost. Halafu tukajiuliza ni nani hasa aliyepoteza. Ng'ombe alikuwa wake, lakini maziwa tulikunywa sote, kwa hiyo tukaandika we. Nikakumbuka kuwa darasani tuliwahi kuweka have kabla ya jambo lililokwisha, nikaiweka, na sentensi ikasimama imara kama ya mwanasheria. Mama mkwe akataka jina lake liwe mwishoni, mtoto ajue anayesema ni yeye. Nikaandika Grandmother. Ndipo tukakumbuka hatujasema waje, nikaongeza waje nyumbani. Nukta sikuweka. Simu yangu ya vitufe ilikuwa ya zamani, kitufe cha nukta kilikufa siku nyingi, na sikuwahi kuona kama nakihitaji.

Ujumbe wote ulisomeka: We have lost Grandmother come home with father.

Tuliurudia mara kadhaa tukauona mzuri. Nikapanda juu ya kichuguu, nikainua mkono, ukaenda. Mama mkwe akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana yake.

"Tumeandika tendo," akasema.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda Busia na furushi langu. Sokoni pale, karibu na mpaka, simu huwa haina uraia: unaweza kukaa palepale na ikahamia mtandao wa Kenya, kadi yako ya Uganda ikawa mgeni, simu zisiingie wala zisitoke. Siku ile ilikaa Kenya kutwa. Nilidhani ni utulivu tu. Nikauza vizuri, nikanunua samaki wakavu, nikarudi na boda mchana ukiwa umeanza kupoa.

Kilio nilikisikia kabla ya kuiona nyumba. Dereva wa boda alipunguza mwendo, akaniuliza, "Mama, ni kwenu?" Nikamwambia siyo kwetu, labda kwa jirani. Tukakata kona. Uani kwetu kulikuwa kumejaa watu. Wanawake walikuwa wameketi chini, miguu wameinyoosha, leso vichwani. Wanaume walikuwa wanapasua kuni. Mtu fulani alikuwa ametoa viti vyetu vyote nje, hata kile kibovu.

Jirani yangu, mwanamke tunayechota naye maji, alinijia mikono iko kichwani. "Mama yetu ameenda!" alisema, akaniangukia shingoni.

"Ameenda wapi?"

Alilia kwa nguvu zaidi, na hapo nikaelewa.

Nilikuwa nimemwacha asubuhi mzima. Lakini mzima gani? Mtu aliyelala na njaa kwa sababu ya ng'ombe. Niliingia ndani mbio. Kitanda chake kilikuwa kimetandikwa, mto umekaa katikati, kikombe chake kimefunikwa. Nikadhani wamekwisha kumpeleka chumba cha maiti, hospitali. Nikatoka nje, nikauliza nani alimkuta. Hakuna aliyejua. Nikauliza nani alimpeleka. Kila mtu alimtazama mwenzake. Mmoja alisema alisikia kwa mwenzake, na huyo mwenzake alisikia kwa katekista, na katekista alipigiwa simu na ndugu wa ukoo aliye mjini Tororo. Zaidi ya hapo sikuuliza. Nilikaa chini katikati ya wanawake, samaki wangu mapajani, nikalia. Nililia kwa Kisamia, lugha ya mama yangu, kwa sababu kile Kidhopadhola changu chote, na cha ugomvi pia, kilikuwa kimenitoka. Nilimwita. Nilimwambia kwamba bado hatujamaliza maneno ya mwalimu.

Ndipo tukasikia sauti nyingine, kutoka njia ya kinamasini, kali kuliko zetu. Ilikuwa ya mwanamke anayekuja mbio akipiga yowe, akiita, "Mwanangu! Mwanangu wee!" Niliinua kichwa. Mama mkwe wangu alikuwa anakuja, sketi imelowa matope mpaka magotini, leso imemwanguka, jembe amelitupa njiani.

Sijui nieleze vipi dakika ile. Wanawake wa mbele waliruka wakakimbilia nyuma ya jiko. Mwingine alijifunika uso akaanza Baba Yetu. Mzee aliyekuwa anapasua kuni alibaki shoka liko juu. Mimi sikuweza kukimbia wala kusimama, nilimtazama tu. Na yeye hakututazama hata kidogo. Aliangalia mlango, akaangalia viti, akanishika mabega.

"Ni nani?" alinipigia kelele usoni. "Ni wa Kampala ao ni wa Juba? Niambie! Mutoto wangu gani?"

"Mama," nilisema.

"Niambie!"

"Mama, ni wewe."

"Mimi nini?"

"Ni wewe umekufa."

Alipumua. Alikuwa na harufu ya tope na majani ya mpunga. Alikuwa amekwenda kwenye shamba la mpunga kule bondeni kupalilia peke yake, ili asione zizi tupu. Akageuka, akawatazama watu mmoja mmoja, wale waliobaki. Kisha akakaa chini palepale, mchangani, kwa uzito, akasema polepole kwa Kiswahili chake cha Tororo, "Mimi? Mimi nilikuwa shamba."

Watu walirudi kidogokidogo. Jirani yangu alimgusa mkono kwa kidole, kama anayepima joto la chungu. Halafu wakaanza kulia upya, mara hii kilio kikiwa na kicheko ndani yake. Wazee walianza kubishana mambo ya kufanya. Mmoja alisema si vema mtu aliliwe akiwa hai, lazima kitu kifanyike. Katekista akasema kitu cha kufanya ni sala. Wa tatu akataka kwanza kujua habari imetoka wapi, na hapo wote wakanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye mwenye simu. Mimi nilikuwa sijui lolote. Niliitoa simu mfukoni, nikaiona sasa imerudi Uganda, na ujumbe wa watu waliokuwa wakinitafuta ukaanza kuingia mmoja juu ya mwingine, simu ikitetemeka mkononi kama kifaranga.

Kabla sijaweza kusoma hata mmoja, pikipiki ikaingia uani. Aliyeshuka alikuwa mwanamume aliyevaa aproni yenye vumbi la mbao. Alijitambulisha: yeye ni seremala wa Tororo mjini, ameagizwa kwa simu na mtoto wa marehemu aliye njiani kutoka Kampala. Alitoa kamba mfukoni.

"Poleni sana," akasema. "Nimekuja kuchukua kipimo. Marehemu yuko wapi?"

Mama mkwe akainuka, akajipangusa mchanga.

"Ni mimi."

Seremala akacheka kidogo, akaona hacheki mtu mwingine, akaacha. Alimtazama, akaitazama kamba yake. "Mama, mimi nimetumwa tu," akasema.

"Nani amekutuma? Mutoto wangu wa Kampala?"

"Ndiye."

"Anakuja?"

"Alisema yuko njiani. Alisema nifanye upesi kwa sababu hataki kuchelewa."

Niliona kitu kikipita usoni mwa mama mkwe ambacho sikukielewa wakati ule, na hata sasa sina hakika kama ni furaha au ni uchungu. Kisha akasogea mpaka mbele ya seremala, akasimama wima, visigino pamoja, mikono ubavuni.

"Basi pima," akasema. "Umetoka mbali. Siku moja itatakiwa."

Seremala alitutazama akiomba msaada. Hakuna aliyempa. Akapiga goti, akashika ncha ya kamba kwenye kisigino cha mama mkwe, akainuka nayo taratibu, akapita kiuno, akapita bega. Alikuwa amefika utosini gari dogo la mizigo lilipoingia uani likiwa na maturubai, viti vya plastiki na magunia ya mchele.

Shemeji alishuka kabla gari halijasimama vizuri. Alikuwa amenenepa na nywele zimeingia mvi tangu mazishi ya baba yake. Alimwona seremala kwanza, kisha kamba, kisha aliyekuwa chini ya kamba. Alishika mlango wa gari. Binti yake alishuka upande wa pili, msichana mrefu aliyevaa nguo nyeusi, macho mekundu, akapiga ukelele mmoja mfupi na kuziba mdomo kwa viganja.

Mama mkwe hakutikisika mpaka seremala alipoiachia kamba. Ndipo akamtazama mwanawe.

"Safari hii umewahi," akamwambia.

Shemeji, mtu mzima wa mvi, alitembea hatua chache akaanguka miguuni pake, akashika zile nyayo zenye matope. Alilia kwa sauti ambayo wanaume wa kwetu hawalii mbele ya watu. Sikujua nitazame wapi. Mama mkwe aliinama, akamwekea mkono kichwani, akaacha ukakaa hapo. Kuni zilikuwa zinalia motoni.

Msichana ndiye aliyetuonyesha. Alitoa simu yake, akauleta ule ujumbe mbele yangu, na mimi nikauona ni uleule, hauna kosa. Baba yake alipopata nguvu ya kusema, aliusoma kwa Kiswahili, kwa sauti, ili wote wasikie: Tumempoteza Nyanya, njoo nyumbani na baba. Kwa Kiingereza, alisema, mtu akifa husemwa amepotezwa. Jana usiku walinipigia, simu haikupatikana. Leo kutwa, haikupatikana. Akampigia ndugu wa Tororo, naye akampigia katekista, na hivyo habari ikatoka Kiyeyi, ikaenda Kampala, ikarudi Kiyeyi imekuwa maiti.

"Sisi tulisema hasara," nilimwambia.

"Shemeji, hasara ni loss. Hapa mmeandika lost."

"Kwa sababu ilikuwa jana."

Shemeji akauliza, "Ni nini kilichokuwa jana?"

Nikamwangalia mama mkwe, kwa kuwa habari hiyo haikuwa yangu. Alikuwa sasa ameketi kwenye kiti, mwanawe yuko mchangani karibu na magoti yake, kama alivyotaka, ila hakuwa ametaka watu wote hawa.

"Ng'ombe yako imekufa," akamwambia.

Shemeji alicheka. Hakuwa na nia mbaya. Ni pumzi tu ilimtoka, ya mtu aliyesafiri kutwa kuja kumzika mama yake akaambiwa ni ng'ombe. Lakini uso wa mama mkwe ulikunjamana, na kwa mara ya kwanza tangu ng'ombe afe, machozi yakamtoka. "Mumelia mimi ambaye sikukufa," alisema. "Ng'ombe yangu hakuna mtu amelilia."

Jirani yangu ndiye aliyepata neno. Alisema machozi yamekwisha kumwagika na hayarudi machoni, basi tuyahesabu kuwa yalikuwa ya ng'ombe. Mzee wa shoka akasema ni sawa. Katekista aliomba sala ambayo sikuweza kujua ni ya mazishi au ya shukrani, na nadhani yeye pia hakujua, maana katikati alinyamaza akaanza upya. Kisha tukapika ule mchele, na seremala akala na sisi, na hakuna aliyeondoka na njaa.

Wakati watu wanakula, msichana alimwendea nyanya yake. Alipiga magoti, kama alivyofundishwa Buganda, akashika mikono yake, lakini hakuwa na lugha. Mama mkwe alifikiri sana. Niliona midomo yake ikitafuta, ikijaribu upande wa kushoto wa ubao, ikijaribu upande wa kulia. Alitaka kumwambia mtoto kwamba yu hai.

"I am life," akasema.

Mimi nilijua, au nilidhani najua, kwamba hilo ni jina na palitakiwa kitu kingine. Nilimwangalia msichana, nikingoja amsahihishe. Hakumsahihisha. Alisema, "Yes, Grandmother," akaweka kichwa chake mapajani pake, na mama mkwe akaanza kuzipapasa zile nywele ndefu za kusukwa akizishangaa moja moja.

Shemeji alikaa kwetu wiki nzima. Alirekebisha paa la jiko, akaenda kaburini kwa baba yake peke yake, akakaa huko mpaka mama yake alipomfuata na kigoda. Walichozungumza sikijui. Msichana alibaki likizo yote, akajifunza kusema maji, moto, njoo, nenda, kwa lugha ya baba yake, akichanganya yote, na nyanya yake akimcheka bila huruma.

Jumamosi tulirudi darasani, msichana akiwa katikati yetu. Mwalimu alikuwa amekwisha kusikia. Hakuna wa Tororo ambaye hakuwa amesikia. Alicheka mpaka akaegemea ubao, kisha akaona mama mkwe hacheki, akafuta macho. Akaeleza tena: loss ni kitu kilichokupata, unacho, lost ni tendo, na tendo hutafuta wa kutendewa, likimkuta Nyanya amesimama karibu litamchukua yeye. Wanafunzi wote waliitikia kwa vichwa. Mimi pia niliitikia. Lakini nilikuwa nawaza kwamba Kiswahili kingesema tumefiwa na ng'ombe, neno moja, na kila mtu angebaki mahali pake, aliye hai na aliyekufa. Nilitaka kuuliza kwa nini Waingereza humfanya marehemu kama mbuzi aliyekata kamba. Sikuuliza. Huenda wana sababu.

Msichana aliporudi Kampala alianza kumwandikia nyanya yake, maneno machache kila siku, na shemeji alimnunulia mama simu yake mwenyewe. Sasa huisoma akiwa mlangoni, miwani imeshuka puani, kidole kinafuata herufi. Hataki nimsomee. Juzi nilikuwa namenya viazi vitamu, nikamsikia akirudia neno moja, kwa sauti ya nyoka mwishoni, mara nyingi.

"Miss," alisema. "Hii ni jina?"

"Ni jina. Ni mwalimu wa kike ambaye hajaolewa."

"Mutoto ameandika miss me. Hapana, miss you. I miss you."

Nikaacha kisu. Nilikumbuka kuwa lipo pia tendo lake, la kukosa: kukosa basi, kukosa shabaha. Nikamwambia labda ni hilo. Kwamba amemkosa.

"Amenikosa," akarudia. Akaitazama simu. "Ao amenikosea? Amenikosea nini?"

"Sijui, Mama."

"Ao ni mimi nimekosa?"

Aliipangusa simu kwenye sketi yake, kisha akaanza kubonyeza jibu, herufi moja baada ya nyingine, bila kunionyesha.